Jinsi ya Kutambua Banjo ya Gibson Mastertone ya 1937 hadi 1942: Mwongozo Kamili

Swali linakuja kwa sura ileile kila mara: picha moja ya namba iliyopigwa ndani ya banjo, halafu "hii ni ya mwaka gani?" Anayeuliza ameshatafuta jedwali la namba mtandaoni, akapata mwaka, akaona haulingani na banjo aliyonayo. Mwingine ameridhika na mwaka huo, ameshalipa, na sasa fundi anamwambia kwamba shingo si ya banjo hiyo.

Kosa ni moja. Watu wanaanza na namba na wanamalizia na namba. Kwa banjo nyingine njia hiyo inaweza kukufikisha. Kwa banjo za Gibson, kampuni ya Marekani, za miaka ya mwisho kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haikufikishi, kwa sababu soko la banjo lilikuwa limeshadorora na kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, kilikuwa kinamaliza vipuri vilivyobaki rafuni. Rimu iliyokatwa karibu na 1930 iliweza kukaa miaka, ikafungwa pamoja na shingo ya 1938, ikauzwa kama banjo mpya kabisa. Namba haikudanganyi. Inakueleza habari za kipande kimoja tu.

Kwa hiyo tutapima kila kipande peke yake, halafu tuulize kama vipande hivyo vinaweza kuwa vimeishi pamoja tangu kiwandani. Ukifuata mpangilio huu, mwisho utakuwa na jibu unaloweza kulitetea mbele ya muuzaji, mnunuzi au kampuni ya bima.

## Vifaa unavyohitaji

- Spana ndogo ya kukazia kulabu za ngozi. Hakikisha inakaa vizuri kwenye nati. Spana iliyolegea inakula kona za nati za zamani.
- Tochi ya kawaida yenye mwanga mweupe.
- Tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti dukani. Ya bei nafuu inatosha.
- Kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, au simu yenye kamera nzuri.
- Futi ya kamba yenye sentimita na inchi.
- Mizani ya jikoni, kama unategemea kufungua hadi pete ya sauti.
- Brashi laini iliyo kavu. Usiweke maji, mafuta ya taa wala dawa yoyote ya kusafishia.
- Kitambaa kinene mezani, bakuli la kuwekea skrubu, daftari na kalamu.

Sumaku haimo kwenye orodha. Wengi huitumia kujua kama chuma ni shaba, lakini nikeli yenyewe huvutwa na sumaku, hivyo sumaku kali hugusagusa hata shaba safi iliyopakwa nikeli. Itakuchanganya.

## Majina ya sehemu

Tukubaliane maneno kabla ya kuanza. Rimu ni duara la mbao lililo kiini cha banjo. Juu yake hukaa pete ya sauti, ya chuma kizito, na ngozi hutandikwa juu ya pete hiyo. Flenji ni chuma kinachozunguka rimu kwa nje. Kulabu zinazokaza ngozi hushikwa nayo. Resoneta ni bakuli la mbao la nyuma. Fimbo mbili za chuma hupita ndani ya rimu kutoka upande wa shingo hadi upande wa kishikio cha nyuzi.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla hujagusa skrubu hata moja

Piga mbele, nyuma, pande zote mbili, kichwa kwa mbele na kwa nyuma, na pale shingo inapokutana na rimu. Piga pia kishikio cha nyuzi na kila kifunguo cha kukazia nyuzi.

Sababu ni kwamba vumbi, kutu na alama za kivuli ni ushahidi. Ukishafungua, hutaweza kuthibitisha kwamba skrubu fulani ilikuwa haijawahi kuguswa. Banjo ya umri huu yenye skrubu za resoneta zilizoganda kwa uchafu wa miaka inakuambia jambo ambalo hakuna jedwali litakalokuambia.

Umefanikiwa ukiwa na: picha ambazo mtu asiyeiona banjo angeweza kuzitumia kurudisha kila kitu mahali pake.

## Hatua ya 2: Jua ni banjo ya aina gani

Gibson walitumia herufi mbili kabla ya namba ya modeli. TB ni banjo ya tena (kwa Kiingereza "tenor"), yenye nyuzi nne na shingo fupi. PB ni plektrami, nyuzi nne na shingo ndefu. RB ni ile ya kawaida yenye nyuzi tano. Zipo pia MB za mandolini, GB za gitaa na UB za ukulele.

Pima kuanzia daraja dogo la juu, pale nyuzi zinapotokea kichwani, hadi freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vilivyopachikwa kwenye ubao wa vidole), halafu zidisha mara mbili. Banjo ya tena ya kipindi hiki huja karibu na sentimita 58. Plektrami na nyuzi tano zinakaribia sentimita 67. Usipime hadi kwenye daraja la ngozi, maana daraja hilo husogea.

Andika jibu lako, lakini liandike kwa penseli. Banjo yenye nyuzi tano mkononi mwako leo si lazima iwe ilitoka kiwandani na nyuzi tano. Zamani zile wanunuzi wengi walitaka banjo za tena, na za nyuzi tano zilitengenezwa chache. Baada ya vita Earl Scruggs, mpigaji mashuhuri wa muziki wa bluegrass, alipoifanya banjo ya nyuzi tano ing'are, mafundi walianza kuzivua banjo za tena shingo zao na kuzivika shingo mpya. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Ni halali kabisa ikisemwa wazi, na nyingine zimefanywa kwa ustadi mkubwa. Tatizo ni pale isiposemwa, kwa sababu RB ya asili ya kabla ya vita yenye pete bapa, aina ya pete ya sauti inayosakwa zaidi (tazama Hatua ya 6), imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani, na ile iliyobadilishwa shingo hupata sehemu tu ya bei hiyo.

## Hatua ya 3: Soma sura ya nje, upate kipindi cha awali

Angalia kwanza kulabu. Kwenye Mastertone, yaani banjo za daraja la juu za Gibson, za kawaida nati zinakazwa kutoka chini, upande wa resoneta. Kama zinakazwa kutoka juu, bila kuondoa resoneta, uko mbele ya familia iliyoanzishwa 1937: Style 7, Style 12 na Style 18. Hizi ndizo banjo ambazo ni za kipindi tunachokitafuta, 1937 hadi 1942, bila mjadala mrefu. Ubao wa vidole wake umepinda kidogo badala ya kuwa bapa, na resoneta imechongwa kwa nje.

Zitofautishe kwa mbao na rangi ya chuma. Style 7 ni mepo, mbao ngumu ya rangi nyepesi ("maple"). Style 12 ni mjozi, mbao ya kahawia yenye mistari mizito. Style 18 ni mepo pia, lakini chuma chake kimepakwa dhahabu na ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote.

Kama nati ziko chini, jina la kulijua ni Style 75. Hii ni Style 3 ya zamani iliyobadilishwa jina 1937, na namba 75 ilitokana na bei yake ya dola 75. Shingo na resoneta yake ni za mahogani. Hapa ndipo penye utata wote, kwa sababu Style 3 ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Style 75 ya 1939 zinafanana kama mtu na mdogo wake, na kiwanda hakikuona shida kutumia vipuri vya moja kwenye nyingine.

Sasa onyo kuhusu nakshi. Alama za umbo la tai ya shingoni kwenye ubao wa vidole zilitumika kwenye Style 7, mojawapo ya banjo hizi za kukazwa juu, na baada ya vita Gibson wakazitumia tena kwenye modeli mpya, ikiwemo RB-250 iliyotoka 1954. Mtu anaona tai, anasema 1938, kumbe ni ya miaka ya 1950. Nakshi ziache ziwe shahidi wa mwisho, kamwe zisiwe wa kwanza.

Angalia pia ngozi. Zilitoka kiwandani na ngozi ya ndama. Ngozi za plastiki ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki juu ya banjo ya 1939 haina ubaya wowote, karibu zote zimebadilishwa. Ila inakuthibitishia kwamba kuna mtu alishafungua chombo hiki, na huenda hakuishia kwenye ngozi.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "sura ya nje inadai kuwa Style fulani." Bado ni dai.

## Hatua ya 4: Ondoa resoneta na usome rimu

Hii ndiyo hatua yenye mavuno mengi, kwa hiyo usiiharakishe.

Legeza nyuzi kiasi, usizitoe zote. Laza banjo kifudifudi kwenye kitambaa. Fungua skrubu nne za mkono zinazoshika resoneta na uinyanyue wima. Ikigoma, usiitie bisibisi pembeni. Zungusha kidogo kwa viganja viwili hadi iachie.

### Matabaka ya mbao

Tazama ukingo wa chini wa rimu, ule unaokutazama. Rimu za Mastertone za kabla ya vita zimetengenezwa kwa matabaka matatu manene ya mepo. Hesabu kwa tochi ukiilaza pembeni, mwanga ukiteleza juu ya mbao. Ukiona matabaka mengi membamba, simama hapo: hiyo si rimu ya kabla ya vita. Gibson wenyewe walitumia rimu za matabaka mengi miaka ya 1970, na banjo nyingi za kuiga zinazo.

### Namba

Tafuta ndani ya duara la rimu. Huwa ni namba ya kundi la kazi kiwandani, kisha kistari, kisha namba ya banjo ndani ya kundi hilo. Mfano unaojulikana ni banjo ya Granada ya Earl Scruggs, 9584-3: banjo ya tatu katika kundi la 9584. Namba ikiwa imefifia, usiikwangue wala kuipaka unga. Zima taa ya chumba na ulaze tochi karibu kabisa na mbao. Kivuli kitajaa kwenye kila mkandamizo, na tarakimu ambayo hukuiona mchana itasimama yenyewe.

Tazama pia ndani ya resoneta. Mara nyingi namba ileile iliandikwa humo kwa chaki. Usiifute. Nimeona resoneta zilizooshwa "zipendeze kwenye picha za mauzo", na ushahidi mzuri kuliko wote ukaondoka na kitambaa cha maji.

### Maana ya herufi

Kuanzia 1935 Gibson waliweka herufi ya mwaka kwenye namba zao za kazi, na mfuatano ni huu:

- A: 1935
- B: 1936
- C: 1937
- D: 1938
- E: 1939
- F: 1940
- G: 1941
- H: 1942

Kwenye namba za mwishoni mwa kipindi unaweza kukuta herufi ya pili ikitaja chapa: G kwa Gibson, K kwa Kalamazoo ambayo ilikuwa chapa yao ya bei nafuu, na W kwa vyombo walivyovitengenezea duka la Montgomery Ward kwa jina la Recording King. Chunga usiichanganye G ya chapa na G ya mwaka 1941. Ya mwaka hutangulia.

Ukikuta herufi safi ya D, E au F kwenye rimu ya matabaka matatu, una mwanzo mzuri. Hata hivyo mwaka huo ni wa kuanza kazi. Banjo ingeweza kumalizwa na kusafirishwa miezi au hata miaka baadaye.

Na ukikuta namba tupu isiyo na herufi, kwa mfano inayoanza na 9 na yenye tarakimu nne? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jedwali litasema karibu na 1930. Mwenye banjo atasema "basi si ya mwisho." Subiri. Rimu ya kundi la karibu na 1930 ndani ya banjo yenye shingo na resoneta za 1938 ni jambo la kawaida kwa Gibson za kipindi hiki. Andika: "rimu, karibu na 1930," uendelee mbele.

Umefanikiwa ukiwa na: idadi ya matabaka, namba kamili ya rimu, na kauli kama namba ya resoneta inalingana, hailingani, au haipo.

## Hatua ya 5: Kagua flenji kwa jicho la karibu

Kabla ya 1929 Mastertone zilikuwa na flenji ya vipande viwili, bomba na bamba. Kuanzia 1929 ikaja flenji ya kipande kimoja, nayo ndiyo utakayoitarajia kwenye Style 75. Bomba na bamba kwenye banjo inayodaiwa kuwa ya 1939 inahitaji maelezo mazito.

Flenji ya kipande kimoja ilimiminwa kwa aloi ya zinki, na zinki ya zamani inazeeka vibaya. Inua rimu hadi usawa wa jicho na utazame ukingo wa flenji kama seremala anavyotazama unyoofu wa ubao. Flenji ya asili ya miaka 80 na zaidi karibu kila mara ina mawimbi: pale kulabu inapopita imevutwa juu kidogo, katikati ya kulabu mbili imebaki chini. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele zinazoanzia kwenye tundu la kulabu, na vijishimo vidogo mahali nikeli ilipobanduka.

Flenji iliyonyooka kabisa, yenye nikeli inayong'aa sawasawa, huenda ni ya kisasa. Wapigaji wengi huvua ya asili na kuihifadhi kwenye boksi, kisha hufunga mpya ili banjo iweze kukazwa bila hofu. Ni uamuzi wa busara. Muulize muuzaji kama ya asili ipo. Ikiwepo, inaongeza thamani hata kama imepasuka.

Onyo: usikaze kulabu yoyote ukiwa kwenye ukaguzi. Flenji yenye ufa wa unywele inaweza kukatika kwa robo mzunguko wa spana, na hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

## Hatua ya 6: Tambua pete ya sauti

Huhitaji kuvua ngozi ili kujua aina. Tazama banjo kutoka juu. Kama ngozi inapanda kwenye ukingo wa ndani, ikaacha mteremko mpana pande zote kabla ya kufika kwenye pete ya kukazia, hiyo ni pete ya kuinuka, iliyoanza kutumika 1927. Eneo la kupigia linakuwa dogo kuliko banjo yenyewe. Kama ngozi ni tambarare karibu hadi ukingoni, ni pete bapa. Hii ya pili ndiyo inayosakwa, na ndiyo inayofanya watu watoe maelfu ya dola.

Kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoigwa zaidi. Rimu nyingi za pete ya kuinuka zimekatwa upya ili zipokee pete bapa ya kisasa. Ngozi ikiwa tayari imetolewa kwa sababu nyingine, tazama mahali pete inapokalia. Mbao pale inapaswa kuwa na rangi ya asali iliyokolea sawa na sehemu zilizofichika za rimu. Mbao nyeupe, yenye mistari mipya ya mashine, inasema ilikatwa juzi. Pete bapa ya asili huwa na matundu 20 kwenye ukuta wake wa ndani, na uzito wake unacheza karibu na kilo 1.4. Matundu peke yake hayathibitishi kitu, maana wanaoiga nao wanajua kuhesabu.

Kama ngozi ni ya ndama na ni ya zamani, usiivue kwa ajili ya udadisi. Ikishakauka na kuachia umbo lake, kuirudisha ni bahati nasibu. Acha hatua hii ibaki na jibu la "bapa kwa kuangalia nje," na uandike hivyo.

Zipo pia Gibson za kipindi hiki zisizo na pete nzito kabisa. Style 11, yenye ubao wa vidole wa plastiki ya kung'aa na mapambo ya rangi ya buluu, ina kitanzi chepesi tu cha shaba juu ya rimu. Ni banjo nzuri ya kupigia na ni rahisi kuitambua. Wengi huinunua kwa ajili ya kuibadilisha, jambo ambalo mimi hulionea huruma.

## Hatua ya 7: Ihoji shingo

Shingo ndiyo iliyobadilishwa mara nyingi kuliko kipande kingine chochote. Ihoji kwa mpangilio huu.

Rangi. Simamisha shingo kando ya resoneta kwenye mwanga wa dirishani. Mbao iwe ya aina moja, na rangi iwe imezeeka kwa namna moja. Mahogani iliyofifia kwenye resoneta na nyekundu mbichi kwenye shingo ni habari mbaya.

Mwanga wa urujuanimno. Funga mapazia, washa tochi ya noti. Laka (rangi angavu ya kung'arisha mbao) ya zamani ya Gibson hutoa mng'ao wa kijani kilichochanganyika na njano. Laka mpya huonekana nyeusi au zambarau. Pitisha mwanga kuanzia kichwani hadi kisiginoni, kisha kwenye resoneta, bila kuruka mahali. Unachotafuta ni mng'ao ule unaoendelea bila kukatika. Mahali unapokatika ghafla kwa mstari mnyoofu, kuna mbao iliyounganishwa au rangi iliyorudiwa. Sehemu ambazo mkono wa mpigaji umezichubua zitakuwa nyeusi, na hilo ni sawa.

Kisigino. Pale shingo inapokumbatia rimu, mkato wa kisigino ulichongwa kufuata umbo la flenji. Shingo ya asili inakaa bila mwanga kupenya. Ukiona vipande vya karatasi, utomvu wa gundi au unga wa mbao uliojaziwa, shingo ilitoka kwingine au kisigino kilichongwa tena.

Kichwa. Chini ya kifuniko kidogo kichwani kuna nati ya chuma cha kunyoosha shingo. Gibson walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Chapa yao ya Kalamazoo haikuwa nacho, kwa hiyo kichwa chenye jina la Gibson bila kifuniko kinahitaji kuulizwa kwa nini.

Kifunguo cha tano. Kwa nyuzi tano, tazama tundu la kifunguo cha pembeni. Tundu lililojazwa na kutobolewa upya linaonekana kama duara ndani ya duara chini ya mwanga ule wa noti.

Umefanikiwa ukiweza kuchagua moja kati ya hizi tatu: shingo ya asili, shingo ya Gibson ya kipindi hichohicho lakini kutoka banjo nyingine, shingo ya baadaye. Usiogope kuchagua ya pili. Zipo nyingi.

## Hatua ya 8: Panga ushahidi na utoe mwaka

Chora jedwali lenye mistari sita: rimu, resoneta, flenji, pete ya sauti, shingo, vifaa vidogo. Mbele ya kila mstari andika kipindi na kiasi cha uhakika wako.

Kanuni ya kuamua ni hii: banjo haiwezi kuwa imetoka kiwandani kabla ya kipande chake cha asili kilicho kipya kuliko vyote. Rimu ya karibu na 1930, flenji ya kipande kimoja, resoneta na shingo za Style 75 zenye mng'ao unaolingana: hiyo ni banjo iliyotoka 1937 au baadaye, ingawa namba yake ni ya zamani. Kinyume chake, rimu yenye herufi E, resoneta inayolingana, na shingo yenye laka nyeusi chini ya tochi ni banjo ya 1939 iliyovikwa shingo nyingine.

Mpaka wa juu ni 1942. Mwaka huo serikali ya Marekani ilibana matumizi ya madini kwenye vyombo vya muziki kwa sababu ya vita, na kiwanda kikaelekezwa kwenye kazi za kijeshi. Banjo za baada ya vita, RB-100 na RB-150, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 zikiwa na hesabu nyingine kabisa.

Andika jibu kama kipindi, pamoja na sababu zake. "Style 75, rimu ya karibu na 1930, imekamilishwa 1937 hadi 1940, shingo ya tena ya asili, flenji imebadilishwa" ni sentensi ya mtu anayejua. "Gibson ya 1938" ni sentensi ya tangazo la mauzo.

## Kabla ya kununua kutoka nje ya nchi

Gibson nyingi za wakati ule zina ubao wa vidole wa Dalbergia nigra, mti wa Brazil ambao ni jamaa wa karibu wa mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Nafuu iliyotolewa 2019 kwa vyombo vya muziki vya aina nyingine za Dalbergia haikuugusa huu. Maana yake banjo inahitaji kibali cha CITES kutoka nchi inakotoka, na forodha inaweza kuizuia isipokuwa nacho. Mwombe muuzaji aseme kwa maandishi ubao ni wa mti gani, na kibali kiwe mkononi kabla hujatuma fedha.

Mwombe pia picha nne mahususi: namba ndani ya rimu, ndani ya resoneta, ukingo wa flenji kwa usawa wa jicho, na kisigino cha shingo. Muuzaji mwenye nia njema atazipiga jioni hiyohiyo. Akikuambia hawezi kuondoa resoneta, mkumbushe kwamba ni skrubu nne tu na zinafunguliwa kwa vidole.